Kundi lenye nguvu ndilo hufa njaa mwezi wa Machi

Ni mwanzoni mwa Machi huko Pennsylvania, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Mfugaji wa nyuki anafunua mzinga aliouacha Oktoba ukiwa umejaa nyuki hadi kwenye kifuniko. Wiki tatu zilizopita alibandika sikio ubavuni mwa sanduku akasikia mvumo mzito. Leo kimya. Ndani anakuta maelfu ya nyuki waliokufa wakiwa wameshikana, na wengi wao vichwa vimezama kabisa ndani ya vijumba vya sega, inaonekana mikia tu. Walikuwa wakiramba vijumba vitupu. Upana wa kiganja kutoka hapo, kwenye fremu ya pembeni (fremu ni kiunzi kinachoshikilia sega ndani ya sanduku), kuna asali iliyofunikwa nta ambayo hakuna aliyeigusa. Mzinga wa jirani, uliokuwa na nusu ya nyuki hao, uko hai.

Mtu aliyezoea kurina asali Tabora au Kitui akisimuliwa kisa hiki hushindwa kuamini. Kwetu kundi lenye nyuki wengi ndilo kundi la kutegemewa: linajilinda dhidi ya siafu, linajaza masega, na chakula kikiisha linaruka na kwenda zake, na mzinga wa gogo unabaki juu ya mti ukisubiri wageni wengine. Inakuwaje nyuki wafe njaa mlangoni pa ghala lao wenyewe? Na kwa nini wafe wakati baridi kali imeshapita, siku zinarefuka na maua yako njiani?

Jibu lina hesabu ndani yake, na ukishaielewa hesabu hiyo utaelewa karibu kila jambo ambalo mfugaji wa nchi za baridi hulifanya kati ya Februari na Aprili. Nguvu ya kundi, ambayo Desemba ni akiba, ifikapo Machi inageuka kuwa deni. Kundi kubwa linakabiliwa na hatari mbili zinazofuatana: kwanza njaa, na likiivuka njaa, kugawanyika. Hatari zote mbili zina mzizi mmoja, nao ni majana, yaani watoto wa nyuki walio bado vijumbani, yanayokua haraka kuliko maua yanavyofunguka.

Nyuki asiyehama

Tuanze na tabia ya nyuki mwenyewe. Nyuki wa asali wa Ulaya na nyuki wetu wa nyika za Afrika Mashariki ni wa spishi moja, lakini wamelelewa na majira tofauti. Nyuki wetu, yule ambaye wataalamu humwita scutellata, anajua ukame na mvua. Chakula chake huja kwa vipindi, na kikikatika hapa mara nyingi kipo kilomita kadhaa mbele, mahali mvua iliponyesha. Kwa hiyo yeye huigeuza mbochi, yale maji matamu ya maua, kuwa majana upesi, hagandi sana kwenye akiba, na yuko tayari kuhama.

Nyuki wa Ulaya hana pa kuhamia. Theluji ikianguka imeanguka kila upande. Babu zake walichagua njia moja tu: kukusanya asali nyingi wakati wa joto, kujifungia ndani, na kuila polepole hadi maua yarudi. Walowezi waliwapeleka nyuki hao Virginia mwaka 1622, na hao ndio wanaofugwa Marekani hadi leo.

Historia imetupa jaribio la wazi juu ya tofauti hii. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika ili kupata nyuki wanaofaa nchi za joto. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa Ulaya waliokuwa huko, na kizazi chao kikaenea sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini na ya Kati. Mwaka 1990 walivuka mto wa mpakani kutoka Meksiko na kuingia Texas, kusini mwa Marekani. Wakakaa vizuri katika majimbo ya kusini yenye joto. Kule ambako baridi ni ndefu hawakuweka makazi. Nyuki mwenye damu ya Tanganyika ni hodari kwa mambo mengi, ila kukaa ndani miezi mitano akila akiba kwa kipimo si kazi aliyofunzwa na nchi yake.

Bumba

Nje kukishuka chini ya nyuzijoto 14 hivi, nyuki wa Ulaya huanza kujikusanya katikati ya masega na kuwa bumba. Kadiri baridi inavyozidi ndivyo bumba linavyojibana. Wale wa nje hugeuza vichwa ndani na kufumana manyoya yao kama blanketi. Wale wa ndani hutetemesha misuli ya kurukia bila kupiga mbawa, na mtetemo huo ndio jiko la nyumba. Kuni zake ni asali. Ngozi ya nje ya bumba huachwa ishuke hadi karibu nyuzijoto 10, kwa sababu nyuki akipoa chini ya hapo huganda, hushindwa kushikilia na kuanguka.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea: nyuki hawapashi mzinga joto. Wanajipasha wao wenyewe. Kwenye kona ya sanduku, sentimita 20 kutoka kwenye bumba, hewa inaweza kuwa baridi karibu sawa na ya nje. Asali iliyo kwenye kona hiyo ni kama iko nchi nyingine.

Novemba na Desemba malkia hutaga kidogo sana au haachi yai hata moja. Bila majana, katikati ya bumba panatosha nyuzijoto ishirini na kitu. Wakati huo kundi kubwa lina faida tupu, kwa kuwa nyuki wakiwa wengi wanaofichwa ndani ni wengi kuliko walio ukingoni, na kila mmoja hutumia kuni chache. Kilo 2 hadi 4 za asali zinaweza kutosha mwezi mzima. Nyuki wenyewe ni wa namna ya pekee. Nyuki mtendakazi wa majira ya joto huishi wiki 6 hivi, lakini huyu aliyezaliwa mwishoni mwa msimu ana akiba ya mafuta na protini mwilini, na anaweza kuishi hadi miezi 6. Huyu ndiye daraja kati ya mwaka mmoja na mwingine.

Kisha siku zinaanza kurefuka. Mwishoni mwa Desemba au ndani ya Januari, nje bado theluji tupu, malkia huanza kutaga tena. Majana hayavumilii nyuzijoto ishirini. Yanataka 34 au 35, usiku na mchana, bila kukatika. Nyumba iliyokuwa ikiwasha kibatari sasa imewasha tanuru. Tena majana lazima yalishwe, na chakula chao hutengenezwa kwa chavua iliyohifadhiwa, asali na maji. Ulaji unapanda wiki hadi wiki. Ikifika Machi kundi lenye nguvu linaweza kumaliza kilo 2 kwa wiki, yaani kile kilichotosha mwezi mzima wa Desemba.

Malkia hapimi ghala kabla ya kutaga. Anachofuata ni idadi ya nyuki walezi walio karibu naye na eneo wanaloweza kulipasha joto. Kundi dogo lina nyuki wa kufunika kiraka cha majana kama kiganja, basi linabaki na kiraka hicho na kula kidogo. Kundi kubwa linaweza kufunika fremu 4 au 5, na linazifunika. Ndiyo maana jirani dhaifu aliponea pale ambapo mwenye nguvu alikufa.

Mbaya zaidi ni joto la uongo. Katikati ya Februari huja wiki moja ya jua, nyuzijoto 15, miti ya mepo nyekundu (maple) inachanua na nyuki wanarudi na chavua miguuni. Malkia anaongeza kasi. Kisha upepo wa kaskazini unarudi na usiku unashuka nyuzijoto 8 chini ya sifuri. Bumba lisilo na majana lingeweza kusogea taratibu kufuata asali. Lenye majana halisogei. Nyuki hawaachi watoto wao wapoe, wanajibana juu yao na kula kilichopo chini ya miguu. Kikiisha, siku 2 au 3 za baridi zinatosha kuwamaliza, hata kama fremu ya pili kutoka hapo imejaa. Na kwa kuwa nyuki hulishana mdomo kwa mdomo, hawafi mmoja mmoja. Hugawana hadi tone la mwisho, na hupungukiwa wote saa ile ile. Hiyo ndiyo sababu jana ulisikia mvumo na leo kimya.

Kupima bila kufunua

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mfugaji mwishoni mwa baridi ni kujua uzito. Hahitaji kufungua kitu. Anashika nyuma ya mzinga, anainua kidogo upande ule, anashusha. Mkono ukizoea unajua: mzinga ulioganda ardhini kama umepigiliwa misumari una chakula, unaoruka kama sanduku tupu uko hatarini. Asiyeamini mkono wake atumie mzani wa kuning'iniza, wa aina ile wanayopimia samaki au mizigo: ainue upande mmoja, asome, kisha ainue wa pili na kujumlisha. Mimi nampendelea mwenye mzani na daftari. Mkono husahau, na mzinga wenye nyuki wengi hudanganya, kwani mvumo wake mkubwa humfanya mtu aone kila kitu ni shwari.

Sasa ile hesabu. Fremu ya kina ya Langstroth, ule mzinga wa masanduku na fremu, iliyojaa asali pande zote mbili, ina karibu kilo 3. Wafugaji wa kaskazini mwa Marekani huacha kilo 27 hadi 40 mwanzoni mwa baridi. Uingereza, ambako baridi ni ya unyevunyevu lakini si kali hivyo, kilo 18 hadi 20 hutosha kundi la kawaida. Tuseme leo ni tarehe 1 Machi na mahali pako mbochi ya maana huanza katikati ya Aprili. Hizo ni wiki 6. Kwa kilo 2 kila wiki unahitaji kilo 12, yaani fremu 4 zilizojaa, na ziwe karibu na bumba. Pungufu ya hapo, lisha. Kundi dhaifu lingeweza kuvuka na nusu yake, ndiyo maana sheria moja ya kulisha mizinga yote sawasawa ni sheria mbaya: inawashibisha wasio na haja na kuwapunja wenye njaa.

Namna ya kulisha hutegemea baridi. Shira ya sukari, ambayo ni sawa kabisa siku za joto, haifai nje kukiwa chini ya nyuzijoto 10. Inakuwa baridi kiasi kwamba nyuki hawaigusi, na wakiigusa inabidi waikaushe maji yake ndani ya nyumba ambayo tayari ina unyevu. Wanachohitaji ni sukari kavu au ile iliyokandwa ikawa tofali, au fondanti (sukari laini iliyokandwa kama donge), ikiwekwa juu ya fremu moja kwa moja, pale pale juu ya bumba. Joto la bumba hupanda, unyevu huilainisha sukari, na nyuki hula bila kuondoka kwenye majana. Wengi hutandaza karatasi ya gazeti juu ya fremu, wakamwaga sukari, wakanyunyiza maji kidogo ili ishikane. Kazi yote ni ya dakika moja: fungua, weka, funga.

Iwe sukari nyeupe ya kawaida. Sukari guru, molasi na sukari ya kahawia, hata kama kwetu ndizo tunazoziita za asili, zina mabaki ambayo nyuki hawezi kuyasaga. Nyuki aliyejifungia hawezi kutoka kwenda haja, hujizuia wiki nyingi hadi ipatikane siku ya jua. Ukimlisha kinachomharisha atachafua masega, na ugonjwa utaenea. Wala usimlishe asali ya dukani au ya mfugaji usiyemjua. Vimelea vya ugonjwa wa kuoza majana hukaa ndani ya asali na masega miaka kwa miaka bila kufa.

Kuna dawa nzuri kuliko sukari, ikiwa siku imetulia na kuna joto kidogo: chukua fremu ya asali iliyoko pembeni, ile ambayo nyuki hawawezi kuifikia, uisogeze ibanane na majana. Usiipenyeze katikati ya majana. Ukikata kiota vipande viwili, nyuki watashindwa kupasha joto pande zote mbili.

Chavua ya kutengeneza

Juu ya hili wafugaji hubishana kila mwaka, na ubishi wao una maana. Madukani kuna maandazi bapa ya protini, yaliyokandwa kwa soya, hamira na sukari, mengine yakiwa na chavua halisi. Ukiyaweka juu ya bumba mwanzoni mwa Februari, walezi wanapata chakula, malkia anaongeza mayai, na kundi linakua wiki kadhaa kabla ya majirani zake.

Kwa wengine hiyo ni biashara. Mashamba ya lozi ya California huchanua katikati ya Februari, na zaidi ya mizinga milioni 2 husafirishwa kwa malori kutoka pande zote za Marekani kwenda kuchavusha. Mwenye shamba halipii sanduku, analipia nyuki: mkaguzi hufungua sampuli ya mizinga na kuhesabu fremu zilizofunikwa, na kipimo cha kawaida ni fremu 8. Mwenye makundi ya kukodisha huko lazima aanze kuyalisha protini tangu mwishoni mwa msimu uliopita, la sivyo Februari yatakuwa madogo.

Lakini mwenye mizinga mitatu nyuma ya nyumba yake Pennsylvania hana mkataba wa lozi. Akikuza majana Februari, ameongeza midomo miezi miwili kabla ya chakula. Na akianza lazima aendelee, kwa sababu akikatiza katikati ya baridi, walezi watakula majana yenyewe ili waokoe protini. Kwa kundi ambalo tayari lina nguvu, mimi nasema liache. Lina walezi wa kutosha, na mierebi na mepo vitaleta chavua kwa wakati wake. Maandazi hayo yamsaidie aliye dhaifu au anayetaka kuzalisha makundi mapya mapema, tena akijua anachokifanya.

Mambo mawili madogo kabla ya kuendelea. Asali ikiliwa hutoa mvuke, mvuke hupanda, hukutana na kifuniko baridi na kudondoka maji juu ya nyuki. Nyuki mkavu huvumilia baridi, aliyeloa hafiki asubuhi. Kizuizi cha joto juu ya kifuniko na upenyo mdogo wa hewa hutatua hilo. La pili, kundi kubwa lina maiti wengi: wazee wanaokufa hurundikana sakafuni na kuziba mlango. Kijiti kilichopindwa, kupenyezwa mlangoni mara moja kwa wiki na kukokota maiti nje, huokoa kundi zima.

Siku ya kwanza ya kufunua

Ije siku isiyo na upepo, nyuzijoto 13 au zaidi, saa sita au saa saba mchana, nyuki wakiruka wenyewe. Moshi kidogo. Hapo ndipo mfugaji anaona kwa macho kile alichokuwa akikisia kwa uzito.

Kabla ya kutoa fremu yoyote ahesabu kwa juu: ni nafasi ngapi kati ya fremu zimejaa nyuki? Mwezi wa Machi, nafasi 4 ni kundi la wastani, 8 na kuendelea ni kundi lenye nguvu. Kisha atoe fremu moja au mbili za kati. Asimtafute malkia. Yai lililosimama wima chini ya kijumba linasema malkia alikuwepo ndani ya siku 3 zilizopita, na hiyo inatosha. Aangalie majana yaliyofunikwa: yameungana kama sahani, au yana mashimo mashimo? Aangalie umbali kutoka kwenye majana hadi kwenye asali. Afunge.

Jambo moja haliwezi kuahirishwa, nalo ni utitiri wa varoa, kidudu kinachoishi kwa kufyonza nyuki na majana yao. Utitiri huu huzaliana ndani ya vijumba vya majana yaliyofunikwa, kwa hiyo kundi lililowahi kulea majana limewahi pia kulea utitiri. Wenye nguvu ndio huonekana wazima Machi na kuanguka Agosti. Nusu kikombe cha nyuki, ambao ni kama 300, huoshwa kwa spiriti au maji ya sabuni, na utitiri uliodondoka huhesabiwa. Wafugaji wengi makini, wakipata zaidi ya 3 katika nyuki 300 wakati huu wa mwaka, huchukua hatua mara moja. Asidi ya oksaliki, dawa ya utitiri ambayo hufanya kazi vizuri sana Desemba kukiwa hakuna majana, haipenyi kifuniko cha nta. Machi inahitajika dawa nyingine au mpango mwingine.

Waliookoka njaa huanza kufikiria kuhama

Tuseme ulilisha, na kundi limevuka. Hapo inaanza hatari ya pili, na hesabu yake ni nzuri kuifuata kwa kalamu.

Kutoka yai hadi nyuki mtendakazi kutoka kijumbani ni siku 21. Kisha nyuki huyo hufanya kazi za ndani, kufagia, kulea, kupokea mbochi, karibu wiki 3 nyingine kabla ya kuanza safari za maua. Jumla siku 42 hivi. Maana yake ni kwamba nyuki atakayeleta mbochi ya mitofaa tarehe 20 Aprili ni yai lililotagwa katika siku 10 za kwanza za Machi. Unachokiona kwenye fremu Machi ndicho utakachokirina baadaye.

Fremu ya kina ina vijumba karibu 7,000 kwa pande zote mbili. Chukua 5,000 tu viwe na majana. Fremu hiyo hiyo, ikifunikwa na nyuki wazima pande zote, hubeba 2,000 na ushei. Kwa maneno mengine, fremu moja ya majana leo ni fremu 2 za nyuki baada ya wiki 3. Kundi lenye fremu 5 za majana tarehe 15 Machi litapata fremu 10 za nyuki wapya mwanzoni mwa Aprili. Wazee wa baridi watakuwa wakifa katika kipindi hicho hicho, ni kweli, lakini malkia naye hajasimama. Anaweza kufikia mayai 1,500 kwa siku. Sanduku lina fremu 10. Watakaa wapi?

Nyuki hujibu swali hilo wenyewe: wanajenga vijumba vya malkia wapya, na malkia mzee anaondoka na zaidi ya nusu ya kundi. Kijumba cha malkia hufunikwa siku ya 8 au ya 9 tangu yai, na kundi kwa kawaida huruka karibu na siku hiyo. Ndiyo sababu wafugaji hukagua kila baada ya siku 7 mwezi wa Aprili na Mei. Lakini kukagua ni kutafuta moshi baada ya moto kuwaka. Uamuzi wa kuondoka huanza kupikwa mapema zaidi, kiota kikianza kubanwa.

Hapo ndipo Walt Wright, mfugaji wa Tennessee aliyeandika sana juu ya jambo hili, alipoelekeza macho. Alitazama kile kilichoko juu ya kiota mwishoni mwa baridi: mkanda wa asali iliyofunikwa, usiokatika, kama dari. Kundi likipanda hadi kwenye dari hilo, kwa maelezo yake, hujiona limefika mwisho wa nyumba, huanza kupunguza eneo la majana na kujiandaa kugawanyika. Dawa yake ilikuwa kuivunja dari hiyo mapema, wiki nyingi kabla ya msimu wa kuhama, kwa kupanga juu ya kiota fremu moja ya asali, moja tupu, moja ya asali, moja tupu. Nyuki hupanda kupitia masega matupu, na kiota kinaendelea kupanuka. Hakugusa majana. Njia hii inahitaji asali iliyobaki na masega yaliyokwisha kujengwa, vitu ambavyo mwanzaji mara nyingi hana, lakini wazo lake lina thamani kubwa: nafasi iongezwe juu kabla haijatafutwa.

Wengine hufanya rahisi zaidi. Mizinga ya Marekani mara nyingi ina masanduku mawili, na ikifika Machi kundi limeshapanda lote la juu huku la chini likiwa tupu. Mfugaji huyabadilisha, la juu linakuwa chini, na nyuki wanapata tena chumba juu yao. Ni sawa ikiwa majana yote yamo ndani ya sanduku moja. Yakiwa yametapakaa katika yote mawili, kubadilisha kutatenganisha kiota, na usiku wa baridi utakaofuata utaua majana ya upande mmoja. Nimeona ushauri huu ukitolewa bila sharti hilo, na unawaumiza wanaoanza.

Na kuna ile njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inautumia utajiri wa mmoja kumwinua mwingine. Kutoka kwenye kundi lenye fremu 7 za majana, toa moja au mbili ambazo majana yamefunikwa na yanakaribia kutoka, ukung'ute nyuki wake, na umpe kundi dhaifu lenye malkia mzima. Usitoe fremu nyingi kuliko ambazo mpokeaji ana nyuki wa kuzifunika. Hakikisha kwanza mtoaji hana ugonjwa wa majana. Ndani ya wiki 2 dhaifu amepata maelfu ya vijana, na mwenye nguvu amepata nafasi ya kupumua. Baadaye, madume wakianza kuruka, fremu kama hizo pamoja na nyuki wake zinaweza kuanzisha kundi jipya kabisa. Ukifanya hivyo kabla ya madume kukomaa, malkia mpya hatapata wa kujamiiana naye, na kundi litakuwa limezaliwa bila kesho.

Mahali pengi kaskazini mwa Marekani ishara ya kwamba deni limelipwa ni dandelioni, ua dogo la manjano linalofunika nyasi za kando ya barabara mwezi wa Aprili. Siku nyuki wanaporudi na chavua yake ya rangi ya chungwa, na nta mpya nyeupe inaonekana juu ya fremu, ondoa sukari iliyobaki, hata kama ni nusu ya tofali, isije ikachanganyika na asali. Weka sanduku la asali juu, lenye masega yaliyokwisha kujengwa kama unayo. Kisha hesabu siku 7, urudi kukagua vijumba vya malkia.